Mäklare wa Kanisa Zima, Ila Usajili Bado

Leo nimeaibika mbele ya watu ishirini na mmoja, na wote walikuwa wamevaa mifuko ya plastiki ya bluu miguuni.

Naandika hapa kwa sababu nikikaa nayo peke yangu nitapasuka. Na pia kwa sababu nusu yenu mtaisikia kesho kutoka kwa mama zenu, ikiwa imeongezwa chumvi. Afadhali muipate kwangu bila chumvi.

Kwa wasionijua: naitwa Bahati (msianze), nina miaka thelathini na tatu, nilizaliwa Uvira, naishi Hallunda na mama yangu. Siku za kazi nahudumia wazee majumbani kwao. Saa zinazobaki nasomea umäklare, udalali wa nyumba. Na hapa Sweden huamki tu asubuhi ukawa dalali kwa kuwa una simu na mdomo. Kwanza chuo, miaka miwili mizima: sheria, kodi, ujenzi, uchumi. Halafu wiki kumi za mazoezi chini ya dalali aliyesajiliwa, naye aweke saini kwamba unafaa. Hapo ndipo unaomba usajili wako. Kabla ya usajili wewe ni mtu wa kubeba funguo. Hata kujiita mäklare huruhusiwi.

Mimi niko wiki ya saba ya mazoezi. Na somo la sheria ya ardhi na nyumba nimelifeli mara mbili.

Mara mbili!

Lakini kufeli si kosa langu kubwa. Kosa langu lilianza mwezi wa nne, jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Shule umemaliza?" Siku hiyohiyo nilikuwa nimepata matokeo ya kufeli kwa mara ya kwanza. Nikajibu, "Nimemaliza, Mama." Nilimaanisha vipindi vya darasani. (Sikumaanisha hivyo. Nilidanganya.) Jumapili iliyofuata, wakati wa shukrani, mama akasimama kanisani akatangaza kwamba Mungu ametenda, mtoto wake sasa ni mäklare. Makofi! Vigelegele! Mimi niko safu ya tatu, natabasamu kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

Nikasema nitamwambia ukweli wiki ijayo. Sasa ni Novemba.

Basi, leo. Jumapili, mvua ile nyembamba isiyonyesha wala isiyoacha. Tulikuwa na visning huko Skärholmen, yaani siku ya kuonyesha nyumba kwa wanunuzi, nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya nne. Msimamizi wangu anaitwa Annika. Annika si mkali. Ana utaratibu tu, na utaratibu wake unatisha kuliko ukali. Nilifika saa sita, nikamkuta anapanga ndimu kwenye bakuli. Ndimu za plastiki. Na mapeya ya plastiki. Mwenye nyumba alikuwa ameondoka asubuhi akiacha vyombo vichafu, Annika akavisukumia vyote ndani ya jiko la kuokea, akafunga mlango wake.

"Kazi yako ni mlangoni," akaniambia. "Unatoa mifuko ya viatu, unaandika jina na simu. Mtu akikuuliza chochote kuhusu nyumba, unasema nini?"

"Nasema amngoje mäklare."

"Na mäklare ni nani?"

"Ni wewe."

"Vizuri," akasema, akairudisha ndimu moja mahali pake.

Saa saba na nusu nikafungua mlango. Waswidi wakaja mmoja mmoja, kimya, kama watu wanaoingia kuaga maiti. Nikawapa mifuko. Nikaandika majina. Kila kitu kilikwenda vizuri kwa dakika kumi na mbili. (Nilikuwa natazama saa. Nilikuwa najisifu moyoni.)

Ndipo lifti ikafunguka, nikasikia Kiswahili.

Mama yangu. Ametoka kanisani, kitenge kipya chini ya koti la baridi, kilemba kimegusa juu ya mlango. Nyuma yake watu wanane wa kwaya. Na mbele ya wote, Papa Samweli na mkewe Mama Esta, wazee wawili wanaopendwa na kila mtu, wamevaa kana kwamba wanakwenda arusini. Mzee ameshika bahasha ya karatasi zake za benki kifuani.

"Mama! Mmejuaje hapa?"

"Mdogo wako ametafuta kwenye mtandao. Ulisema Skärholmen, Skärholmen ina nyumba ngapi zinazouzwa leo?" Akanishika mashavu. "Tumekuja kukuona kazini."

Nikanong'ona, "Mama, siku nyingine, naomba." Lakini kwaya ilikuwa imeshaanza kuvaa mifuko ya plastiki, wanashikana mabega wasianguke, wanacheka. Mama Esta alivaa mmoja kichwani akidhani ni wa nywele. Nikamsaidia. Nikaandika majina yao. Niliandika haraka hivi kwamba sijui kama zile namba zinasomeka.

Nikabaki mlangoni kama nilivyoagizwa. Kwa hiyo mengi niliyasikia tu.

Nilimsikia Papa Samweli akiuma peya. Nilisikia ule mlio wa jino kwenye plastiki, kisha, "Eh! Matunda ya huku!" Nilisikia kwaya chumbani wakianza kuiombea nyumba, polepole, kisha si polepole. Nilipochungulia nikaona wenzi wawili Waswidi wamesimama katikati yao, vichwa vimeinama, mikono wameikunja mbele. Nadhani walifikiri ni sehemu ya ratiba.

Halafu nikamsikia mama jikoni akisema kwa Kiswidi chake, "Jiko zuri! Kubwa!" Nikajua. Nikapiga hatua moja kutoka mlangoni. Nilichelewa. Akafungua lile jiko la kuokea. Kikaango kikatoka, sahani zikafuata, na mwisho bakuli la mbwa likaanguka, likazunguka sakafuni, likazunguka, likazunguka, likatulia kwenye kiatu cha Annika.

Hamjacheka bado? Ngojeni, hapo si pabaya.

Wote wakakusanyika sebuleni kutazama kulikoni. Mwanaume mmoja mrefu, mwenye mtoto kwenye kibebeo kifuani, akamgeukia Annika. Aliuliza kwa adabu kabisa. Nilitamani angepiga kelele.

"Samahani, ni nani kati yenu aliye mäklare? Huyu mama ameniambia ni binti yake pale mlangoni. Na amesema nisijisumbue, nyumba imeshaahidiwa wale wazee wawili."

Annika akanitazama. Wote wakanitazama. Mama naye, ana tabasamu lile la kanisani.

"Bahati," Annika akasema. "Umemwahidi mtu nyumba hii?"

"Hapana! Kamwe!"

"Umewaambia watu kwamba wewe ni mäklare?"

Mtu akiniuliza siku nyingine yoyote kimya kikoje, nitamwambia ni sauti ya mifuko ya plastiki ikikwaruza sakafu ya mbao wakati watu ishirini na mmoja wanahamisha uzito wa mguu.

"Nilisema nimemaliza shule," nikajibu.

"Na umemaliza?"

"Umebaki mtihani mmoja." (Hata hapo! Hata hapo niliacha kusema nimeufeli mara mbili.)

Mama anakielewa Kiswidi zaidi ya anavyokisema. Tabasamu halikufutika mara moja. Lilifutika kidogokidogo. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Umebaki nini?"

"Mtihani, Mama. Wa sheria. Mimi bado si mäklare. Mimi ni mwanafunzi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote."

Kwaya ikainamisha macho kwenye miguu yake ya bluu. Papa Samweli ndiye aliyesogea mbele. Hakukasirika. Ningeshukuru angekasirika. Aliongea taratibu, ile sauti yake ya kusoma matangazo.

"Binti yangu, mwezi wa tano tulipata nyumba Rissne. Ndogo, nzuri, karibu na mtoto wetu. Tukaiacha. Mama yako alisema tungoje uanze kazi, utatushika mkono wewe, hatutadanganywa na makaratasi. Tukangoja."

Sikujua. Nawaapia sikujua habari ya Rissne.

"Anasema nini?" Annika akauliza.

Nikajifanya nasoma orodha ya majina.

"Bahati, nina wateja hapa na nyumba si yangu. Inabidi nijue kilichosemwa. Tafsiri."

Na nikatafsiri. Nimesimama katikati ya ile sebule ya ndimu za plastiki, nikageuza maneno ya Papa Samweli kwenda Kiswidi, moja baada ya moja, mbele ya watu wasionijua, kwamba wazee hawa waliacha nyumba karibu na mtoto wao kwa sababu waliniamini. Nilipofika kwenye "hatutadanganywa" nikakosea neno. Ikabidi nianze sentensi upya. Mtoto wa yule mwanaume mrefu akaanza kulia, nikamwonea wivu.

Annika akawatangazia wote kwamba nyumba haijaahidiwa mtu yeyote, kwamba yeye ndiye mäklare, na kwamba mwenye swali amwulize yeye. Akamwendea Papa Samweli mwenyewe, akampa mkono, akampa karatasi za nyumba na kadi yake. Mzee akazitazama, akazirudisha kwa mikono miwili. "Tutakwenda nyumbani kwanza," akasema. Sikuambiwa nitafsiri. Ilieleweka.

Wakatoka. Mama Esta alinigusa bega alipopita. Hilo bega linaniuma mpaka sasa.

Watu walipokwisha, nikaokota mifuko ya bluu sakafuni, mmoja mmoja. Annika akapanga ndimu upya. Akatoa lile peya lenye alama za meno, akaliangalia, akalitia mfukoni.

"Kesho saa tatu, ofisini," akasema.

"Na zile wiki saba? Zitahesabiwa?"

"Kesho."

"Annika, sikuwahi kumwonyesha mtu nyumba kwa jina la mäklare. Hata mara moja."

"Nakuamini," akasema. "Lakini uliwaacha watu waamini. Kazi hii yote, Bahati, ni kumsahihisha mtu kabla hajasaini."

Nikashuka kwa ngazi. Kwenye lifti niliogopa kukutana na mtu.

Mama alikuwa ananingoja stesheni, peke yake. Kwaya ilitangulia. Saa tisa na nusu, giza limeshaingia, na kilemba chake kimelowa. Tukapanda treni. Vårberg ikapita. Vårby gård ikapita. Tulipofika Masmo akafungua mdomo.

"Umeanguka mara ngapi?"

"Mbili."

"Hicho kitabu unacho?"

Ninacho kwenye begi kila siku, kimeniumiza mgongo. Nikakitoa. Akakifungua katikati, akaweka kidole kwenye mstari kama alivyojifunza kusoma matangazo kwenye shule alizokuwa anasafisha, akasoma sentensi moja ya Kiswidi, neno kwa neno. Ilichukua kutoka Masmo mpaka Fittja.

"Maana yake?"

Nikamweleza. Kwamba mnunuzi ana wajibu wa kuichunguza nyumba mwenyewe, na kasoro ambayo angeweza kuiona, hawezi kuja kuilalamikia baadaye.

"Sasa hiyo si umeielewa?"

"Hiyo nimeielewa, Mama. Zimebaki kurasa mia sita."

Akakifunga. Akakishika mapajani kama mkoba. Nilidhani yameisha. Lakini tulipopita Alby akasema, akitazama dirishani ambako hakukuwa na kitu ila sisi wawili, "Mwezi wa nne, ulivyonijibu haraka vile, nilishuku."

"Ulishuku? Mbona ukatangaza?"

"Nikasema nikishatangaza mbele ya watu wote, Mungu ataona haya kutokufanya."

Sikujua nicheke au nilie. Mwanamke aliyekaa mbele yetu alihama kiti, kwa hiyo nadhani nilifanya vyote viwili.

Sasa nipo nyumbani. Mama ametia viazi motoni, hasemi na mimi, lakini amepanga sahani mbili. Nimempigia Papa Samweli mara tatu. Simu inaita tu. Nitakwenda kwake kesho nikitoka kwa Annika, kama nitatoka nikiwa bado na kitu cha kusema. Mtihani wa marudio ni Januari. Kama zile wiki saba zitafutwa, basi naanza kubeba funguo upya, kwingine, nikipata wa kunipa funguo.

Wenye kucheka, chekeni leo mmalize. Ila mama yangu msimpigie simu.