Mto Danube, Ghorofa ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 15 Septemba

Msiba! Kampuni ya utalii imeandika: maji ya Danube yamepungua, meli haielei, safari imefutwa. Barua imefika saa tatu tu baada ya msikiti mzima kuniaga kwa shada la maua. Abdulhussein, jirani yangu wa ghorofa iliyo chini ya yangu, aliyesafiri mto Rhine mwaka jana na kutuonyesha picha mia nne, alinikumbatia na kuniita Nahodha. Nikamwambie mto umekauka? Katu! Nimeshuka na sanduku mbele ya watu, nikazunguka mtaa wetu wa Thorncliffe Park kwa teksi, nikarudi kwa ngazi za nyuma. Ghorofa kumi na mbili! Sitatoka hadi Jumapili.

Jumanne, 16 Septemba

Leo tumeshuka Budapest. Nimetazama hali ya hewa kwenye simu, kisha nikaliandikia kundi la msikiti: manyunyu, madaraja mazuri, supu ina chumvi. Abdulhussein akauliza nimevaa viatu gani. Wivu! Chakula cha jioni melini: maharagwe ya kopo. Kisha mizunguko arobaini ya sebule na mkongojo wangu, kama abiria sitahani. Safari si sababu ya mtu kulegea.

Alhamisi, 18 Septemba

Bratislava. Jua. Jenabai, mkewe Abdulhussein, ameleta ujumbe wa sauti. Moyo wa mzee umechoka kabisa. Madaktari wamemrudisha afie kitandani kwake. Anataka radhi yangu kwa ile baiskeli ya Tanga. Mwaka 1979! Niliitazama dirishani mwa duka wiki tatu. Yeye akainunua kwa siku moja, akapita kwetu akinipigia kengele. Kabla ya safari nilitoa radhi kwa kila mtu isipokuwa yeye. Amengoja miaka arobaini na sita. Angoje siku tatu. Nimejibu kwamba radhi ya kweli hutolewa ana kwa ana, nami niko katikati ya mto.

Namsikia akikohoa chini ya zulia langu.

Ijumaa, 19 Septemba

Vienna. Ujumbe kutoka kwake mwenyewe, maneno manne: Nahodha, teremka pwani upesi. Nikaenda ngazini. Nikashuka vidato saba. Hapo nikakumbuka: sina zawadi. Na mtu anatokaje Vienna akiwa na kandambili? Nikapanda. Nitashuka Jumapili, kama ratiba inavyosema.

Jumamosi, 20 Septemba

Abdulhussein amefariki alfajiri. Nilimsikia Jenabai akilia kabla kundi halijatangaza. Jeneza limepita chini ya dirisha langu. Nimesimama nyuma ya pazia. Wameniandikia nimwombee huko huko niliko. Nimetembea mizunguko yangu. Nimepotewa na hesabu mara mbili. Nimesema kwa sauti kwamba baiskeli nimeisamehe. Nimeiambia sakafu.

Jumapili, 21 Septemba

Nimerejea! Teksi, sanduku, chokoleti ya Vienna kutoka duka la hapa chini. Watu wamenipa pole: maskini Mwalimu, alikuwa mbali.

Jenabai akanivuta jikoni. Akaniambia, Shemeji, marehemu hakukasirika. Kila jioni alikuwa akilala chali akihesabu hatua na mkongojo darini. Zikifika arobaini, alisema: Nahodha ametia nanga, sasa tulale. Ijumaa yeye Jenabai alitaka kuja kunigongea. Marehemu akamkataza. Tusimuumbue, alisema, atashuka mwenyewe. Akaagiza mlango wao usifungwe. Ulikuwa wazi hadi alfajiri.

Nikaiweka chokoleti mezani.

Kisha nikamweleza kwa upole kwamba huyo wa darini alikuwa fundi wa mabomba, niliyemwachia ufunguo. Akauliza, fundi mwenye mkongojo? Nikasema ni fundi mzee. Akanitazama. Akanimiminia chai, akaniuliza Vienna ilikuwaje.

Nikamsimulia saa nzima. Nilisifu hasa hali ya hewa.