Bangili za Bi Nezihe

Feridun alikuwa ameinua bilauri ya chai, haijafika mdomoni, alipoziona bangili. Sita za dhahabu, zimepangana kwenye mkono wa mama mmoja aliyekuwa akibishana na muuza jibini ng'ambo ya barabara. Na kila bei ilipotajwa, yule mama aliingiza kidole chini ya bangili akajikuna.

"Hulusi," Feridun alimwita mwenye mkahawa, "yule ni nani?"

"Bi Nezihe, mjane wa dereva wa treni. Usijisumbue, kaka. Yule majani ya chai anayaanika, kesho anayachemsha tena."

"Na anajikuna nini?"

"Sedefu. Mwaka wa ishirini huu. Mji mzima wa Sivas unajua."

Feridun akaitua bilauri taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyeletewa habari za urithi.

Tuelewane kuhusu sedefu. Ni ugonjwa wa ngozi usioua, usioambukiza na usioondoka. Ngozi inavimba, inakuwa nyekundu, inaota magamba yanayong'aa kama ganda la chaza, na inawasha mpaka mtu anatamani kujikuna kwa uma. Daktari anakupa mafuta, anakwambia uvumilie. Kwa hiyo kila mwenye sedefu ni mteja wa kudumu, na Feridun aliwapenda sana wateja wa kudumu. Alishawauzia siki, matope, mafuta ya nyoka, na maji ya bomba aliyoyapa jina la Kiajemi.

Tena alijua anachokiuza. Chini ya shati lake la mikono mirefu, ambalo tangu ujana hajalivua mbele ya binadamu, yeye mwenyewe alikuwa na sedefu: viwikoni, kifuani, mgongo mzima. Kitu kimoja tu kiliwahi kumpa nafuu, jua la pwani ya kusini. Alikwenda huko mara moja, akalipata akiwa amejibanza nyuma ya jabali kwa aibu. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja maishani: chumba chake Antalya, karibu na ufuko, ambako atavua shati mbele za watu, na anayetaka kucheka acheke. Akiba kidogo alikuwa nayo. Chumba chenyewe kilikuwa kinalia kling kling mkononi mwa Bi Nezihe.

Kesho yake akabisha hodi.

"Mimi ni mtu wa meko, mama," alisema, mkono kifuani. "Meko yetu hutibu sedefu, tangu babu wa babu."

Watu wa meko hakuna asiyewajua kule. Ni koo zilizorithi mkono wa kutibu, huu chunjua, ule mkanda wa jeshi. Na sharti lao ni moja: mtu wa meko haombi malipo. Akiomba, mkono unapoa. Mgonjwa hutoa mwenyewe, kwa moyo wake.

Bi Nezihe akampokea koti, akalitundika, akachukua chupa ya marashi ya limau, yale makali ya spiriti anayomwagiwa kila mgeni viganjani. Feridun akarudi nyuma hatua nzima. Spiriti na ngozi iliyopasuka havijawahi kupatana.

"Samahani, mama. Mkono wa meko hauguswi na spiriti." Akamwonyesha glavu zake.

"Haya. Na malipo?"

"Siombi kitu! Ila mgonjwa wangu wa mwisho, kule Tokat, alitoa bangili. Mwenyewe tu. Nikakataa, akalia."

"Maskini," alisema Bi Nezihe. "Mimi huwa silii ovyo. Sasa una dawa gani? Aliyekutangulia alinipaka vitunguu, nikanuka kama mchuzi."

"Lami ya msonobari. Na samaki wa chemchemi ya Kangal, wale wanaodonoa magamba."

"Nitawaona wakiwa hai?"

"Hai kabisa," alijibu Feridun, huku akipiga hesabu ya vidagaa vya mtoni.

"Na wadonoe kweli. Asiyedonoa namkaanga."

Basi, tapeli wa watu akajikuta anasafiri mpaka Kangal, akanunua samaki wa magendo kwa bei ya ng'ombe, akarudi na ndoo mapajani huku abiria wakimsonya. Akanunua lami halisi. Kila alipokwenda kwa Bi Nezihe alipasha maji, alikanda viwiko, alipaka lami, alisimulia habari za yule mgonjwa wa Tokat aliyelia. Bi Nezihe alimtundikia koti, akampa chai iliyopauka kama maji ya kuoshea vyombo, akasema, "Mkono wako mzuri, mwanangu," na bangili zikabaki pale pale. Akiba ilipungua. Viwiko vya Bi Nezihe vikalainika. Ni mara ya kwanza Feridun kumsaidia mtu, na alichukia sana.

Ikabidi amalize. Akakata tiketi ya basi la Antalya, la Ijumaa mchana, akaiweka kwenye koti pamoja na salio la akiba. Sokoni akanunua bangili sita za shaba, akazifunga kwenye kitambaa chekundu.

"Mama," alisema Ijumaa hiyo, kwa sauti ya msibani, "ugonjwa umekimbilia kwenye dhahabu. Zivue. Tuzifunge kitambaa chekundu, tuzizamishe kwa samaki, na usifungue mpaka mwezi uandame."

Bi Nezihe akazivua. Mikono ya Feridun ikacheza kidogo. Kifurushi cha sokoni kikazama beseni, cha Bi Nezihe kikaingia mfukoni mwa koti pale ukutani. Akavua glavu, akanawa lami, akageuka kuaga.

"Ngoja," alisema Bi Nezihe. "Leo kazi imekwisha. Mgeni haondoki kwangu bila marashi, nitaitwa mchoyo."

Kabla hajajibu, mama yule, aliyekuwa akihesabu hata punje za sukari, alimmwagia nusu chupa. Ilijaa viganjani, ikateremka ndani ya mikono ya shati, ikafika viwikoni.

"Yalaaa!" Feridun aliruka mpaka goti likagonga beseni. Samaki wakatawanyika.

Bi Nezihe akamshika mkono, akaupandisha ule mkono wa shati. Wakatazama kiwiko wote wawili.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu ujana."

"Na mkono wako wa meko?"

"Haujui njia ya kufika hapo, mama."

Bi Nezihe akacheka mpaka akashika meza. "Vua shati."

"Siwezi."

"Wewe viwiko vyangu umevikanda kama unga. Vua!"

Akavua. Bi Nezihe akampaka lami mgongo mzima, polepole. Mgongo ule haukuwahi kuguswa na mtu tangu mama yake afe, na Feridun aliona aibu, kisha raha, kisha machozi. Kidogo tu atubu habari ya bangili.

"Geukia ukuta, ikauke," aliambiwa. "Nakuletea chai."

Chai ikakawia, jambo la kawaida nyumba ile. Mlango ukajibamiza. Feridun akageuka. Koti hakuna. Shati hakuna. Kwenye msumari kilining'inia kifurushi chekundu, kile alichokificha mfukoni, peke yake. Akakifungua, akakwaruza bangili moja kwa ukucha. Akaiangalia vizuri, akaona muhuri wa duka lile lile la sokoni alikonunua zake. Alikuwa ameiba shaba kwa shaba.

Mtu akae ndani na aibu yake, au atoke nayo? Feridun alisimama mlangoni kitambo. Kisha akatoka mbio, kifua wazi, mgongo mweusi wa lami, akakata soko katikati mpaka stendi.

Basi lilikuwa linaondoka. Dirishani alikaa Bi Nezihe, amevaa koti.

"Mwizi!" alipiga kelele Feridun.

"Mwizi nani, mwanangu? Si unajua sharti? Sisi watu wa meko hatuombi! Nimekutibu, nawe umetoa kwa moyo wako!" Akapunga mkono mtupu. "Naenda kuota jua! Usiwasahau samaki!"

Basi likaenda na Antalya yake.

Feridun akabaki stendi, mikono ikitafuta shati la kujifunika. Muuza jibini alicheka, hilo tusifiche. Lakini Hulusi alikuja na sinia lake la chai, akautazama ule mgongo, akaweka sinia chini. Akapandisha suruali. Goti lake lote lilikuwa magamba.

"Kaka," alinong'ona, "nimeficha hili miaka. Hiyo lami unauzaje?"

Feridun akafungua mdomo ataje bei, maana mazoea yana taabu. Jua la mchana lilikuwa limempiga mabegani. Soko zima limeshamwona, na dunia haijapasuka.

"Siuzi," alisema. "Kaa hapo juani, nikakuletee nikupake."

Hulusi akakaa, machozi yakimlengalenga.

Feridun akakohoa. "Sikuombi kitu, lakini. Ila mgonjwa wangu wa mwisho aliondoka na koti langu."