Kisiwa cha Robo Eka

Jumatatu, 5 Mei

Nimekuwa mjinga miaka kumi na moja. Leo nimekwenda kuangalia shamba langu nje ya Mlandizi, pale mto Ruvu unapojipinda, nikakuta umefurika na kulizunguka lote. Robo eka, minazi mitatu, maji kila upande. Mimi Saburi, dalali wa viwanja, ninayehangaika kuuza ardhi za wenzangu, ninamiliki kisiwa! Na nimekipanda mihogo!

Nimeingia mtandaoni. Kuna watu wanakodi kisiwa kizima peke yao, usiku mmoja dola elfu moja na mia nne. Hata muhogo hakina.

Nimemweleza mke wangu Hajra. Hakuinua kichwa kwenye cherehani. Kasema hicho si kisiwa, ni shamba lililofurika, na kila masika huwa hivyo. Ndiyo maana yeye ni fundi nguo na mimi ni mwekezaji.

Bajeti. Hema, elfu arobaini. Viti na meza, kumi na tano. Chakula, thelathini. Mtumbwi, elfu tano. Mapazia bure (ya sebuleni). Godoro bure (letu). Jumla elfu tisini. Mapato, laki nne kwa usiku. Faida ipo tayari, imebaki kwenda kuichukua.

Jumanne, 6 Mei

Maulidi ni mnyang'anyi! Jirani yangu wa shamba, mtu niliyesoma naye madrasa, mwenye mtumbwi pekee kwenye kona ile, anataka elfu hamsini kwa siku. Mtumbwi wenyewe unavuja. Nimemwonyesha bajeti, imeandikwa elfu tano. Kaisoma yote, taratibu, kisha kasema bajeti ni yangu na mtumbwi ni wake.

Nimeweka tangazo mtandaoni. Kisiwa binafsi, maji pande zote, hakuna majirani. Hilo la majirani limemlenga yeye.

Kabla ya alasiri, simu! Bwana Zubeir, mhasibu wa Dar. Anataka kumshtukiza mkewe kwa kutimiza miaka kumi ya ndoa. Kauliza kama choo ni cha kuflashi. Nimesema tuko hatua za mwisho. Katuma laki mbili, nyingine akifika Jumamosi.

Jumatano, 7 Mei

Choo! Bajeti ilisahau choo. Shimo na makuti, elfu themanini. Nani kaandika bajeti hii?

Hema nimelipata kwa mzee anayekodisha maturubai ya misiba. Limeandikwa POLENI WAFIWA kwa herufi nyekundu. Nimeomba apunguze bei kwa sababu ya maandishi. Kasema wateja wake huyalipia zaidi. Nitaligeuza, maandishi yakae kwa ndani.

Hajra kauliza mapazia yako wapi. Nimesema yanafuliwa. Kauliza yanafuliwa na nani.

Alhamisi, 8 Mei

Mto unanihujumu. Mvua imekatika siku tatu na maji yanashuka. Asubuhi nilivuka kwa kukunja suruali. Saa kumi, mbuzi wa Maulidi walivuka bila kulowa tumbo, wakala ua la kukaribishia wageni. Mbuzi, kwenye kisiwa binafsi!

Nimekwenda kulalamika. Maulidi kajibu kwamba mto unarudi kwenye mkondo wake kama kila mwaka, na mpunga wake unangoja jua. Mtu mbinafsi sana.

Ijumaa, 9 Mei

Msikitini kila mtu anashukuru kwa jua. Nimeomba mvua kimyakimya, mtu mmoja dhidi ya safu nne.

Haikunyesha. Basi nikaamua: mto ukikataa kuja, nitauleta. Nimekodi wachimbaji kumi wachimbe mfereji kutoka mtoni kuzunguka kisiwa. Laki moja na nusu. Kwenye bajeti nimeuandika chini ya matengenezo ya bahari.

Fedha nimezitoa kwenye mkebe wa Hajra. Ni za vitambaa vya sare, wazazi wa watoto thelathini wamekwishamlipa. Si kuiba. Kesho jioni zitakuwa zimerudi kabla mkebe haujajua.

Jioni maji yakaingia. Kisiwa tena!

Jumamosi, 10 Mei

Nimewapokea wageni stesheni ya Soga kwa bajaji. Zubeir mrefu kama nguzo ya umeme. Mkewe, Nuria, kavaa kofia pana na gauni jeupe hadi chini.

Maulidi alikuwa tayari na mtumbwi, kashika elfu hamsini yangu. Lakini mfereji ulikuwa na upana wa hatua mbili. Wakati namsaidia Nuria kupanda mtumbwi, Zubeir aliinua mguu akavuka.

"Kisiwa chenyewe kiko wapi?" Nuria akauliza.

"Mume wako ameshakikanyaga, mama."

Alicheka. Nilidhani mambo yamenyooka. Kisha akaingia hemani kujinyoosha kidogo, akatazama juu, akasoma. Alitoka na viatu mkononi.

Nilikuwa namweleza kwamba ni jina la kampuni, ndipo kiboko akatokea. Alipitia kwenye mfereji wangu, niliougharamia mimi, akapanda kisiwani kama mteja aliyelipia. Alipita katikati ya choo. Sisi wote tukaruka ng'ambo, Nuria wa kwanza. Kumbe gauni halizuii kitu.

Hapakuwa na pa kuwapeleka ila nyumbani. Hajra aliwatazama, akanitazama, akaenda kuweka wali wa nazi jikoni. Wakala, wakarudia. Nuria kapimwa gauni. Wamelala chumbani kwetu, juu ya mkeka, maana godoro liko kwa kiboko.

Jumapili, 11 Mei

Zubeir kampa Hajra elfu sabini kwa malazi na mapishi. Yeye! Kisha kanigeukia mimi na kutaka laki mbili zake, akitaja kila kipengele kwa mpangilio. Wahasibu hawana utu.

Hajra akasema tumrudishie mgeni haki yake, akaenda kufungua mkebe.

Alihesabu zilizobaki mara mbili. Hakupiga kelele. Ningejua la kufanya na kelele.

"Saburi, wale watoto nitawaambia nini?"

Nikaanza kumweleza kuhusu bahari. Akafunga cherehani kwa kanga na kuondoka kwenda kwa mama yake, kijijini Msimbu.

Mchana mwenyekiti wa kitongoji akaja na Maulidi. Maji ya mfereji yameingia kwenye mpunga wake. Nimeamriwa niufukie mwenyewe, kwa jembe. Maulidi kaleta kiti cha kukalia anitazame. Kiti ni changu, cha bajeti!

Jumatano, 14 Mei

Mfereji umekwisha. Mikono imepasuka. Nimeuza simu, redio na pikipiki, Zubeir nimemlipa, fedha za sare zimetimia. Nyumba haina mlio wa cherehani. Sikujua kama mlio ule unachosha usipokuwepo. Kosa la nani? La mto.

Alhamisi, 15 Mei

Msimbu. Nimemwamkia mama mkwe, Bi Mwamvita, shikamoo mara tatu ndipo ikaja marahaba moja. Nimeweka fedha mbele ya Hajra. Kazihesabu, kaniangalia mikono, kaenda kutafuta mafuta ya kupaka. Anapaka huku kanuna. Kasema atarudi kwa sharti moja: niape mbele ya mama yake kwamba sitakodisha kisiwa tena maisha yangu yote.

Nikaapa, kwa sauti, bila kusita. Bi Mwamvita akafuta machozi. Tukala.

Baadaye nimepanda juu ya kilima nyuma ya nyumba. Upepo mzuri. Simu haishiki kabisa, wanasema. Hakuna umeme, hakuna kelele, unaona mikorosho mpaka macho yanachoka. Watu wa Dar wanaumwa kwa kukosa kitu kama hiki! Na mto uko mbali, hauwezi kunifanya lolote.

Kiapo kilihusu kisiwa. Kilima hakuna aliyekitaja.

Bajeti. Hema, elfu arobaini.