Akida wa Kirumi Aliyevamia Hema la Wazee

Leo Makambako nimeaibika mpaka masikio yamevimba. Hiyo ya masikio si msemo. Mtaelewa huko mbele.

Wengi humu mnanijua. Mimi ni Eliya, mtu wa Tandala, nauza mbegu na mbolea kwenye duka la pembejeo hapa Njombe mjini. Jeshi sijapita. Hata mgambo sijapita. Ila leo, kwa muda wa kama nusu saa hivi, nilikuwa akida wa jeshi la Kirumi.

Mchokozi ni Mwalimu Nyagawa. Anafundisha historia, na akikushika mkono barabarani hakuachii mpaka umejua vita mbili tatu. Aliona kwenye simu kwamba huko Ulaya watu wazima, wenye kazi na wajukuu, wanavaa kama askari wa kale na kupiga kambi uwanjani ili wananchi wajifunze. Akasema na sisi tunaweza. Akapanga onyesho kwenye uwanja wa mpira Makambako: askari wa zama zote, siku moja. Wapiganaji wa Majimaji. Askari wa Mjerumani. Askari wa Keya wa enzi za Mwingereza. Mwisho kabisa, wazee wetu wenyewe waliopigana Vita ya Kagera. Na Warumi wafungue, maana ndio wa zamani zaidi.

Mimi nilipewa uakida kwa sababu ya uzoefu. (Uzoefu wenyewe ni igizo la Pasaka kanisani. Nililinda kaburi, malaika akaja, nikaanguka kama mfu. Nilianguka vizuri sana, watu wanasema mpaka leo.)

Mtauliza, mtu mzima na duka lake anatafuta nini huko? Jibu ni Yusta.

Yusta ni muuguzi, na ndiye ninayetaka kumuoa. Baba yake, Mzee Mwalongo, ni mwanajeshi mstaafu anayeishi Makambako. Baba yangu mdogo alipokwenda kupeleka posa, mzee alimkaribisha vizuri, akamlisha, akamsindikiza mpaka barabarani, kisha akamwambia: "Kabila lake sina neno nalo. Dini sina neno nayo. Lakini huyo kijana simjui. Nataka nimwone kwanza kama ni mtu anayejua anakokwenda."

Posa ikabaki inaning'inia hivyo hivyo.

Sasa niliposikia Mzee Mwalongo atakaa kwenye hema la wazee wa Kagera, nikaona Mungu amenifungulia mlango. Ataniona mbele, naongoza jeshi! Nani tena atauliza kama najua ninakokwenda?

Mavazi tulijitengenezea. Dirii za kifuani na mgongoni tulikata kwenye madebe ya mafuta ya kula. (Ya rafiki yangu Mgaya ilisomeka mgongoni: HAINA LEHEMU.) Ngao zilikuwa plaiwudi iliyopakwa rangi nyekundu. Mikuki ilikuwa mianzi. Sketi tulishonewa na fundi wa viti vya magari. Ndiyo, Warumi walivaa sketi, msiniangalie hivyo. Chapeo yangu ilikuwa sufuria. Fundi bati aliikata mbele, akaweka vibati vya kufunika mashavu, na juu akapigilia nusu ya brashi ya kusugulia sakafu. Ilipendeza, jamani! Tatizo ilikuwa kubwa. Kwa hiyo nikavaa mzula wa sufu kwanza, chapeo juu yake, ikatulia.

Asubuhi tukaondoka Njombe na ukungu wetu, miguu wazi, magoti yanagongana. Njiani tukasimama kununua mahindi ya kuchoma. Mama anayeuza akatutazama kuanzia sketi mpaka brashi.

"Ninyi ni wa kanisa gani?"

"Sisi ni Warumi, mama," akajibu Mgaya.

"Ahaa, Wakatoliki." Akatuongezea hindi moja.

Tukafika. Uwanja umejaa! Watoto wa shule, akina mama lishe na masufuria yao, vijana na simu zao juu. Upande wa pili nikaliona hema la wazee. Mzee Mwalongo alikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, buti zinang'aa. Yusta alisimama nyuma ya kiti chake. Akanipungia mkono mdogo, wa chini chini, baba asione. Moyo wangu ukapiga kama ngoma ya uamsho.

Hapo ndipo Mwalimu Nyagawa alipokuja kutukagua. Akafika kwangu. Akanyanyua chapeo.

"Eliya, hiki nini?"

"Mzula, mwalimu. Baridi."

"Una kishada juu! Umemwona wapi Mrumi mwenye mzula wa kishada?"

"Mwalimu, bila huu chapeo haikai."

"Historia ni ukweli, Eliya." Akauvua mzula, akauweka mfukoni, akaenda zake.

Nikavaa chapeo tupu. Ikanishukia mpaka kwenye nyusi. Nikaisukuma juu. Ikashuka. Nikajiambia, nitakuwa naisukuma kila mara, shida iko wapi? (Shida ilikuwa mikono. Mkono mmoja wa ngao, mwingine wa mkuki. Binadamu hana wa tatu.)

Niwaeleze kwanza kuhusu kobe. Warumi walikuwa na mtindo wa kujipanga karibu karibu. Wa mbele wanaweka ngao kifuani, wa kati na wa nyuma wanaziweka juu ya vichwa, mnakuwa kama kobe mmoja mkubwa anayetembea. Ndani ni giza. Hakuna anayeona kitu isipokuwa akida, anayechungulia kwenye mwanya mbele. Wengine wote wanafuata sauti yake. Mazoezini niliwasisitizia: "Uwanjani watu watapiga kelele nyingi. Msisikilize sauti ya mtu yeyote, ila yangu tu!"

Kumbukeni nilisema hivyo mwenyewe.

Ngoma ikalia. "Kobe!" nikaamuru. Ngao zikajifunga, kacha kacha kacha. Watu wakashangilia. "Mbele, tembea!" Tukaanza. Hatua za kwanza nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe. Nilimwona Mzee Mwalongo ameinama kidogo kwenye kiti ili atazame vizuri. Nikainua kidevu.

Chapeo ikashuka mpaka puani.

Giza.

Nikatikisa kichwa. Ikazidi kushuka. Nikasema, basi, uwanja naujua, nyoosha tu. Lakini wenyeji wa Makambako mnaujua upepo wenu. Ukaja wa ubavuni, ukaingia chini ya zile plaiwudi, na kobe mzima akaanza kwenda upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Sisi ndani hatukujua. Tulijua tunakwenda kasi, tukadhani ni ushujaa.

"Kushoto! Kulia! Kushoto! Kulia!" napaza sauti.

Nje nasikia watu: "Simameni! Jamani, simameni!"

"Wanatushangilia!" nikawaambia askari wangu. "Kaza mwendo!"

Wakakaza.

Kwanza niligonga kamba. Kisha kitu laini, nadhani ni turubai. Kisha chuma, ndio ulikuwa mguu wa hema. Nikaenda chini kwa magoti. Mgaya aliyekuwa nyuma yangu akaniangukia, na ngao yake ikanishukia utosini kwa nguvu zake zote. Sufuria ikabonyea, ikazama, na masikio yangu yakakunjika ndani kama chapati. Nyuma yetu kobe akaporomoka. Juu yetu hema likashuka polepole, kwa heshima, kama pazia.

Kimya.

Kisha viti vikaanza kusogezwa. Turubai likafunuliwa. Wazee walikuwa salama wote, namshukuru Mungu, maana waliruka pembeni mapema. (Mafunzo yao yalikuwa ya kweli.) Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Chini ya ukingo wa sufuria, palipobaki kimwanga chembamba, nikaona kitu kimoja tu. Buti. Zinang'aa.

"Nani huyu?" Sauti nzito.

"Baba," nikamsikia Yusta, sauti ndogo, "huyu ndiye Eliya."

"Huyu ndiye anayejua anakokwenda?"

Jamani. Natamani ardhi ya Makambako ingekuwa na adabu ya kupasuka.

Nilikuwa nimejifunza kumsalimia kwa Kibena, lugha yake, wiki nzima, mbele ya kioo. Nikaona hakuna muda mwingine. "Kamwene, baba," nikasema. Kwenye sufuria ikatoka kama mtu anayezungumza kisimani. Watoto wakalipuka kwa kicheko.

"Unanisalimia na kofia kichwani?"

"Haitoki, mzee."

Alivuta kidogo. Nikapiga ukelele ambao Mrumi hapigi.

Akaacha. Akasimama wima, na nilipomsikia anavuta pumzi nilijua sasa amerudi jeshini. "Nani aliyetoa amri ya kuja huku?"

Nyuma yangu Mgaya, ambaye ni rafiki wa kweli, akadakia: "Upepo, mzee! Ni upepo tu! Na mwalimu alimvua mzula!"

Ningeweza kukaa kimya. Upepo ulikuwepo, mashahidi wapo, mzula ulikuwa mfukoni mwa mtu. Lakini nikafikiria wale vijana waliokuwa wamelala chini ya plaiwudi kwa sababu waliniamini. Nikasema, "Ni mimi, mzee. Hawa walifuata sauti yangu. Nilikuwa sioni, na nikaendelea kuamuru. Kosa ni langu."

Buti zikasogea hatua moja karibu nami.

"Kuruta," akasema Mzee Mwalongo. "Kaa chini. Usitikisike. Yusta, inafanywaje hii?"

"Mafuta, baba. Masikio ndiyo yamekwama. Tuyatelezeshe, kisha uvute polepole kwa juu."

"Leteni mafuta!"

Mama lishe mmoja akaja na dumu la alizeti. Yusta akayamimina taratibu kwenye mwanya, upande huu, upande ule. Yakashuka shingoni, yakaingia ndani ya dirii, yakaendelea na safari mahali ambapo sitapataja. Akaingiza vidole vyake, akalitafuta sikio moja, akalilaza vizuri. Akaninong'oneza, "Pole, Eliya. Vumilia." Basi nikavumilia. (Kwa sauti ile ningevumilia hata sufuria ya pili.)

"Tayari?" mzee akauliza.

"Tayari, afande," nikajibu.

Akaweka goti begani mwangu. Akavuta. Mgaya akanishika kiuno. Uwanja mzima, Majimaji, Wajerumani, Keya, wakaanza kuhesabu kwa pamoja kama tunatoa gari kwenye tope. Na sufuria ikatoka: pwaa! Mzee Mwalongo akarudi nyuma, akakaa kitini kwa kishindo, sufuria mikononi, brashi inamtazama usoni.

Tukatazamana. Ndiyo mara ya kwanza namwona baba mkwe wangu kwa karibu, nami ninatiririka mafuta kama maandazi.

Mdomo wake ukatikisika upande mmoja. Nikasema, hapa natandikwa. Kumbe kilikuwa kicheko kinatafuta njia. Kikatoka! Mzee alicheka mpaka akavua miwani, akashika mbavu, na wenzake wakaanza kucheka kwa kumwona anacheka. Yusta alikuwa amekodoa macho. Aliniambia baadaye kwamba tangu mama yake afariki hajawahi kumsikia akicheka hivyo.

Alipopata pumzi akanionyesha kiti kilichoanguka. "Kiinue, ukae." Nikakiinua, nikakaa. Akaanza, taratibu: "Kule mpakani, alfajiri moja, tulikuwa migombani. Nikasikia kitu kinakuja. Nikawapanga vijana wangu, tukakizingira pande zote. Nikapaza sauti: Mikono juu! Kimya. Nikarudia: Jisalimishe! Kikajibu."

"Kikasemaje, mzee?"

"Kikasema mooo."

Mzee mwenzake aliyekaa kushoto akapiga paja. "Na tulimteka! Akatupa maziwa!"

"Mkuu wetu alipouliza nani aliamuru," Mzee Mwalongo akaendelea, "nilitamani kusema ni giza. Giza lilikuwepo kweli. Lakini nikasema ni mimi." Akaniangalia muda. "Wewe leo ulikuwa na upepo, tena wa Makambako. Hukuutumia."

Yusta akanipa kitambaa nijifute, na safari hii hakukificha kwa baba yake.

Tukalisimamisha hema upya, Warumi na wazee pamoja, wao wakiamuru na sisi tukishika kamba. Onyesho likaendelea. Majimaji walicheza vizuri mno, ila watoto walikuwa wanauliza tu, "Kobe atarudi saa ngapi?" Mwalimu Nyagawa alinirudishia mzula bila kunitazama machoni. Nitamsamehe. Kesho.

Wakati wa kuondoka Mzee Mwalongo alinisindikiza mpaka kwenye gari, mikono nyuma. Akasema, "Mwambie baba yako mdogo aje Jumapili baada ya ibada. Tuyamalize yale mazungumzo." Nikashika mkono wake kwa mikono yote miwili, nikainama. Akaongeza, "Na mwambie nyumba yangu ina mlango. Aingilie hapo."

Niko nyumbani sasa. Nimeoga mara mbili na bado nanukia chipsi. Masikio ni mekundu, makubwa, yanasikia mpaka ya jirani. Video imefika Tandala kabla sijafika Njombe. Mama amepiga simu, hakuuliza kama nimeumia. Ameuliza, "Mwanangu, uliharibu sufuria nzima ya watu?" Nilipomweleza la Jumapili akapiga kigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni.

Kwa hiyo nawaomba kwa unyenyekevu, asinicheke mtu. Nitakayemwona ameweka kikatuni cha kicheko hapa chini, namwingiza kwenye kamati ya harusi.