Siku Omena Zilipomrukia Naibu wa Chifu

Leo nimeaibika Sindo nzima, na Poland kidogo.

Kwa wasionijua, mimi ni Achieng. Nasomea uhandisi wa mitambo huko Poland, mwaka wa tatu, na sasa niko likizo nyumbani Sindo, kando ya Ziwa Victoria. Likizo yenyewe si ya kulala. Profesa wangu alitaka kila mwanafunzi aunde mashine ya kusaidia watu wa kwao, kisha aionyeshe ikifanya kazi kwa simu ya video. Ukifeli hapo, unarudia mwaka.

Nikachagua omena, dagaa wetu wa ziwani. Mama na wenzake wa kikundi huanika omena ufuoni, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo zinaoza zote, zinaishia kuwa chakula cha kuku. Kwa hivyo nikaunda sanduku refu la mabati. Ndani trei za wavu, chini jiko la makaa, nyuma feni kubwa ya kuvuta hewa ya moto ipite kwenye omena. Mota ya feni nilipewa na mwenye posho mill. (Shika hapo. Mota ya kusaga mahindi ya mtaa mzima.)

Aliyeniunganishia stima ni fundi Okello, ambaye hajawahi kukanyaga chuo. Asubuhi aliniambia kwa heshima zake zote, "Sista, mota ya waya tatu inaweza kuzunguka upande wowote. Tuijaribu kwanza kabla ya kuweka samaki."

Nikamjibu kwamba nimeshaijaribu kwenye kompyuta na inazunguka vizuri. Okello akaenda kukaa karibu na swichi. Sasa najua kwa nini.

Saa nne wageni wakafika. Naibu wa chifu na sare yake iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kina mama wa kikundi na omena zao za jana, zimekauka nusu, nyepesi kama majani makavu, tukazipanga kwenye trei. Pasta akajitolea kunishikia simu, na kule upande wa pili profesa na darasa zima wakawa wanatuangalia.

Nikatoa hotuba. Nikaeleza mtiririko wa hewa kwa Kiingereza, halafu kwa Kijaluo, halafu nikarudia kwa Kiingereza kwa sababu nilijipenda. Mama akaninong'oneza, "Nyara, binti yangu, washa tu."

Nikawasha. Sanduku likanguruma, trei zikaanza kutetemeka. Mimi nikafikiri hiyo ni nguvu. Nikamwomba naibu wa chifu asogee karibu, asimame hapa mbele kabisa, aone vizuri. (Hakuna aliyenilazimisha.) Kisha nikafungua mlango wa mbele wa sanduku.

Feni ilikuwa haivuti. Ilikuwa inapuliza.

Omena zilitoka zote kwa pamoja. Zikampiga mzee wa watu kifuani, zikampiga usoni, kofia ikaenda upande wa ziwa. Nyuma yake likafuata jivu la jiko. Kina mama wakalala chini kama waliofundishwa. Bata wa jirani, ambao hakuna aliyewaalika, wakaja mbio. Pasta hakukimbia wala hakuteremsha simu. Alirekodi kila kitu kwa uaminifu, Mungu ambariki.

Okello akazima.

Naibu wa chifu alikuwa bado amesimama wima, mweupe kwa jivu kama mtu wa kubatizwa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa omena moja, akaibonyeza kwa vidole, akaniangalia.

"Hii bado ni mbichi," akasema.

Kwenye simu, profesa akauliza kwa upole kama hiyo ilikuwa hatua ya kukausha au ya kusambaza. Darasa likaangua kicheko. Nilitamani Ziwa Victoria linimeze, lakini hata lenyewe lilikuwa linatazama.

Okello alikwenda nyuma, akabadilisha waya mbili, akarudi akifuta mikono. Dakika moja! Kina mama wakaokota omena zao, wakawapokonya bata walizoweza, wakaziosha, wakazirudisha kwenye trei. Kufikia saa tisa zilikuwa zimekauka, zinavunjika kama krispi, na huku mvua inanyesha. Mama akaonja moja akafumba macho. Hapo nilikaribia kulia, na si kwa aibu.

Tulipompigia profesa tena kumwonyesha, akaomba kuongea na Okello. Pasta akatafsiri. Okello aliulizwa maswali matatu, akajibu yote akiwa anatafuna omena. Mwishowe nikaambiwa nimepita, ila kwenye ripoti jina la Okello litangulie langu.

Video imeshafika Magunga, nasikia na Migori mjini. Tafadhali msicheke. Kesho naenda Ntimaru kwa shangazi. Huko hakuna ziwa, hakuna omena, na naomba mtu yeyote asiwaambie nasomea nini.