Kunyang'anywa Mume na Chekechea

Makote, Newala.

Kwa Mwalimu Mkuu Ladislaus,
Chekechea ya Nuru Njema.

YAH: MWALIMU GLORY KUNICHUKULIA MUME

Marahaba, Mwalimu. Naitikia kabisa, maana umekua ukicheza na wanangu na najua ungeniamkia. Mimi mzima, ila moyo unafuka moshi.

Mume wangu ni Salmini, ana miaka minne. Ni mjukuu wangu, kama ujuavyo. Wazazi wake wako kazini Mtwara, na tangu aache kunyonya analala kwangu. Ananiita mke wake, nami namwita mume wangu, kama bibi yeyote mwenye mjukuu wa kiume. Mwaka ulipoanza mlitutangazia kwamba watoto watazoeshwa taratibu: mlezi aanze kukaa darasani, kisha mlangoni, kisha barazani, kisha getini, mwisho abaki kwake. Nikatii. Sasa nimebaki kwangu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu hakulia. Mtoto wa jirani yangu Kibibi alilia mpaka akatapika, mama yake akazunguka kijiji kizima akijisifu anavyopendwa. Wangu alikwenda moja kwa moja kwenye vifuniko vya soda mnavyohesabia, na kugeuka hakugeuka. Watu watasema namnyima chakula. Wallahi niliona aibu.

2. Huko kuzoeshwa taratibu ni mateso. Wanangu walipokwenda jandoni walichukuliwa mara moja, ngoma zikapigwa, tukalia na wenzangu, tukala, yakaisha. Ninyi mmeniliza kwa mafungu. Mlangoni nimelia, barazani nimelia, getini ndiyo usiseme, na kote huko sikupigiwa hata ngoma moja.

3. Nilihamishwa barazani kabla ya wakati kwa kisa cha korosho. Nilikuwa nabangua zangu kimya kimya. Kama darasa zima liliacha kuimba likaja kunizunguka, kosa ni la wimbo.

4. Amebadilika tabia. Kabla sijagusa ugali ananiuliza kama nimenawa. Juzi nimeingia jikoni ameniamuru nipange mstari. Mstari gani, Mwalimu, nyumba yenyewe tumo wawili?

5. Mchana analala bila mgongo wangu. Mimi namfunga kanga, namwimbia, nazunguka uwanja mpaka kiuno kinauma. Glory anamgusa bega tu, kalala! Hiyo dawa ameitoa wapi? Aseme.

Kwa hiyo naomba mawili, uchague. Ama Salmini arudishwe mwanzo, aanze upya na alie ipasavyo mbele ya mashahidi. Ama mimi nizoeshwe kwa kurudi nyuma: getini, barazani, mlangoni, mpaka darasani, na hapo nibaki. Kiti sitaki, nina mkeka. Mchana nyumba yangu imepoa, Mwalimu, nimefikia kuwauliza kuku habari za asubuhi. Ukikataa nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akikataa nitaandika Dodoma.

Nisalimie mkeo na watoto, nisalimie mpishi wa uji na mlinzi wa geti aliyenivumilia. Huyo mke mwenzangu Glory naye msalimie, nitafanyaje.

Ni mimi, mke mkubwa,
Bibi Sikuzani.

N.B. Nilikuwa naikunja barua hii asubuhi, mara Salmini akanishika kanga, akaangua kilio. Hataki shule, anataka kukaa na mke wake. Kilio chenyewe ndicho nilichokuwa nakitafuta. Yarabi, kumbe kukisikia sikuwezi! Nimembeba mbio mpaka mikononi mwa Glory, nikamdanganya kwamba nina safari ya Masasi. Basi malalamiko yote yafute, zibaki salamu. Nimejifungia ndani, na aliyeleta barua hii nimempitishia dirishani. Salmini akiuliza, bibi yuko Masasi.