Chanjo ya Simu Zilizorutiwa

Tangazo liliingia kwenye simu za mji mzima asubuhi moja, na Mtaalamu alilisoma akiwa bado na mswaki mdomoni. Kampuni ya simu ilikuwa inaleta sasisho rasmi, kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Watu wengine waliona habari ya usalama. Mtaalamu aliona mavuno, akatema povu, akaenda kazini bila kusuuza.

Kabla hatujamfuata, ni haki kueleza jambo lenyewe. Simu hutoka kiwandani ikiwa na chumba kimoja ambacho hata mwenye simu haruhusiwi kuingia. Kuruti simu ni kuvunja mlango wa chumba hicho. Ukishaingia unakuwa bwana wa kila kitu: unafuta matangazo, unafufua jumbe zilizofutwa, unaidanganya ramani kuhusu mahali ulipo. Kasoro ni kwamba mlango ukivunjwa, haubaki umevunjika kwa ajili yako peke yako. Na sasisho rasmi likikuta mlango wa namna hiyo, ama linagoma kuingia, ama linaingia vibaya, na simu inabaki kuwaka nembo na kuzima, kuwaka nembo na kuzima, kama mtu ambaye chafya yake imekwama.

Nusu ya simu zilizorutiwa mtaani zilirutiwa na Mtaalamu mwenyewe. Aliyevunja milango sasa angeuza makufuli.

Meza yake ya kioo ilikuwa kwenye ujia wa jengo la maduka, chini ya ngazi. Ilikuwa na feni ndogo, bunduki ya hewa moto na sumaku iliyoota skrubu kama manyoya. Alikuwa mtaalamu wa nini hasa, hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu koti lake lilikuwa na mifuko mingi. Mkabala naye alikaa Mama Makava, aliyeuza makava ya simu na chaja, na kutoa maoni bila malipo. Kufikia saa nne, bango lilikuwa limeshabandikwa: USHAURI KABLA YA SASISHO.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mwenye duka la rangi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia simu zitakufa."

"Zitakufa, ila si zote. Hebu niione yako." Mtaalamu aliiweka sikioni, akaisikiliza, akatikisa kichwa. "Mzee, hii ina ruti."

"Si uliitia wewe?"

"Ndiyo maana nimeitambua haraka. Mwingine angekupotezea siku nzima. Humu ndani una nini usichotaka kupoteza?"

"Picha za wajukuu. Na namba za wateja."

"Basi ruti iondoke leo leo. Sasisho likiikuta, linafagia. Halibagui mjukuu wala mteja."

Mzee alilipa huku akishukuru. Kiti chake hakijapoa, akakikalia dalali wa nyumba, mtu ambaye aliwaambia wateja wote "niko njiani" na ramani ya simu yake ikamtolea ushahidi wa uongo.

"Fundi, niondoe au nibaki nayo?"

"Uondoe?" Mtaalamu alishika kifua. "Ndugu yangu, uondoe hazina? Baada ya sasisho hili hakuna simu itakayorutiwa tena. Waliobaki nayo watasalimiwa kwa kuinamiwa."

"Na sasisho likijileta lenyewe nimelala?"

"Hapo sasa. Ndiyo maana kuna chanjo."

Chanjo ilifanyika hivi: Mtaalamu aliinama chini ya meza na simu, akaingia kwenye mipangilio, akazima kitufe cha sasisho la moja kwa moja, kitufe ambacho kiwanda kimekiweka pale bure kwa kila mwenye macho, kisha akakaa huko chini akipumua kwa nguvu hadi muda ulipofanana na bei. Aliibuka akijipangusa jasho.

"Usilale kifudifudi juu yake usiku wa leo," alimwonya dalali. "Inaweza kupata homa kidogo."

Dalali alipoondoka, Mama Makava aliuliza kutoka upande wake: "Yule kaambiwa aondoe, huyu kaambiwa abaki nayo. Ukweli ni upi?"

"Ukweli ni ule unaomfaa mteja, dada yangu."

"Unaokufaa wewe."

"Mara nyingi hukutana."

"Na simu yako je? Unaondoa, au unabaki nayo?"

Mtaalamu akajifanya anatafuta skrubu.

Swali lilikuwa limegusa jipu. Simu yake ndiyo iliyorutiwa zamani kuliko zote, na bila ruti asingekuwa na kazi. Ndani yake mlikuwa na programu iliyomgeuza sauti akawa binti mpole wa huduma kwa wateja, na nyingine iliyomweka mji wowote alioutaka. Lakini benki nayo ilikuwa imetuma ujumbe: kuanzia Jumamosi, programu yake ingefunguka kwenye simu zenye sasisho jipya tu. Na akiba yake yote ilikuwa humo, akiba ya kukodi duka la kweli kwenye barabara kuu, lenye mlango wake na choo chake.

Msomaji makini atauliza kwa nini asiende kaunta. Sababu ni kwamba jina la akaunti halikufanana na la kitambulisho chake. Kwa nini basi asihamishie fedha kwenye akaunti yenye jina lake halisi? Akaunti hiyo ilikuwa ikisubiriwa kwa hamu na watu kadhaa, wakiwemo polisi na mke wa kwanza. Azitoe taslimu aziweke chini ya godoro? Hapana. Aliwajua wezi wa mji ule vizuri. Baadhi aliwafundisha yeye.

Akisasisha, anapoteza riziki. Asiposasisha, anapoteza akiba. Kwa mara ya kwanza Mtaalamu alihitaji ushauri kabla ya sasisho, na wa kumshauri hakuwepo.

Alhamisi akaja mjane. Alivaa nyeusi tupu, akatembea kwa unyenyekevu, akaweka simu mezani kwa mikono miwili.

"Mwanangu, tundu la chaji limelegea."

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, baba. Simu ilikuwa ya marehemu. Alikuwa mhandisi huko huko inakotengenezwa. Mambo yake ya ruti siyaelewi, namshukuru Mungu tu sasisho limeingia salama na kila kitu kiko kama alivyokiacha."

Bisibisi ilisimama hewani. "Sasisho limeingia? Na ruti imebaki?"

"Kuna kidude alikiweka, akakiita Pazia. Kampuni ikichungulia, haioni kitu. Benki ikichungulia, haioni kitu. Aliniambia, mke wangu, usimpe mtu, hata fundi. Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, usikiguse."

"Mama! Mimi? Cha mtu sikigusi hata kikiniangukia."

"Nimeiona sura yako, nikaamini. Ngoja nifike duka la dawa, narudi."

Kisigino chake hakijapotea kwenye kona, Pazia lilikuwa limeshanakiliwa. Mtaalamu aliliweka kwenye simu yake. Simu ikauliza: Pazia linaomba ruhusa ya kuingia kila mahali. Ruhusu, au Kataa?

Anayeishi kando ya reli huacha kusikia treni. Vivyo hivyo, aliyezoea simu iliyorutiwa huulizwa swali hilo mara nyingi mno hata haoni tena kama ni swali. Kidole gumba cha Mtaalamu kiliruhusu kabla jicho halijafika kwenye neno la pili.

Simu ilizima, ikawaka, ikaandika: Sasisho limekamilika. Ruti ilikuwepo. Akafungua benki, akaandika namba ya siri, na akiba yake ikamtazama usoni, nzima, yenye afya. Alisahau mambo mawili. La kwanza, Jumamosi ilikuwa haijafika, na benki ingefunguka vyovyote vile. La pili, simu iliyorutiwa husema chochote inachoambiwa kusema na yule aliyeruhusiwa.

Mjane aliporudi, Mtaalamu alimtoza tundu la chaji, uchunguzi wa ndani na usafi wa kioo. Mama wa watu alilipa bila kupunguza.

"Fundi mwingine angepekua," alisema, macho yakimlengalenga. "Mungu akuzidishie kama ulivyonitendea."

"Amina, mama. Amina kubwa."

Kisha Mtaalamu akapandwa na wazimu. Aliwanunulia soda watu wote wa ujia ule, hata mfagiaji ambaye hakuwahi kujua jina lake. Alicheza na feni. Alimwambia Mama Makava kwamba Pazia litauzwa ofisi kwa ofisi, na kwamba kwenye duka lake jipya atamwekea yeye kona ya makava, bila kodi, mwezi wa kwanza.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Makava, soda mkononi. "Kakuambia usiguse, ukagusa?"

"Angeniambia niguse, ningejua ni takataka."

"Labda na yeye alilijua hilo."

Mtaalamu alicheka hadi soda ikampanda puani. Alikuwa bado anapiga chafya simu ilipotetemeka. Ndugu mteja, umefanikiwa kuhamisha fedha. Ikatetemeka tena. Ndugu mteja, umefanikiwa.

"Sijafanikiwa!" alipiga kelele. "Sijafanikiwa chochote!"

Alibonyeza benki, ikafunguka kamera, akajiona alivyokodoa macho. Alibonyeza kuzima, simu ikampigia muziki. Kisha benki ikajifungua yenyewe, na namba yake ya siri ikajiandika mbele yake, tarakimu kwa tarakimu, bila haraka, kama mtu mwenye nyumba anayefungua mlango wake. Alichukua bunduki ya hewa moto ayeyushe gundi ang'oe betri. Alikuwa fundi mzuri, hilo hatumnyimi, na mfuniko uliachia upesi. Lakini ulipoachia, akaunti ilikuwa tupu, na ujumbe wa mwisho ulikuwa unamshukuru kwa kuwa mteja mwaminifu.

Aliazima simu ya Mama Makava, akapiga benki. Binti mpole akapokea, na safari hii alikuwa binti wa kweli.

"Pole sana, ndugu. Tafadhali fika tawini na kitambulisho chenye jina la akaunti."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Nijibu swali moja tu, na tutaikagua simu kuhakikisha. Simu yako imewahi kurutiwa?"

Mtaalamu aliinua macho akalitazama bango lake la USHAURI.

"Haloo? Kama kuna fundi aliyekushauri ubaki na ruti, tupe jina lake. Mafundi hao tunawatafuta sana."

"Yuko safarini," alisema Mtaalamu, akakata.

Alikaa akiitazama simu yake iliyopasuliwa, betri huku, mfuniko kule. Feni ilizunguka. Dada mmoja aliyevaa sare za hospitali alikuja akakaa mbele yake na kuitoa simu.

"Kaka, yangu ina ruti. Niondoe au nibaki nayo?"

"Ondoa," alisema Mtaalamu bila kuinua macho. "Hifadhi picha zako kwingine, ondoa ruti, kisha sasisha. Maelekezo yote yapo kwenye ukurasa wa kampuni. Utafanya mwenyewe nyumbani."

"Na wewe nakulipa nini?"

"Hakuna. Bure."

Dada aliirudisha simu yake kifuani polepole. "Bure?"

"Bure."

"Kaka, unataka kuniibia nini?" Akageukia upande wa pili. "Mama, huyu ana akili timamu?"

"Leo ndiyo timamu," alisema Mama Makava, "na inatisha. Mwache. Njoo kwangu, mwanangu." Alisogeza makava pembeni, akavuta taa ya meza, akavaa miwani ambayo haikuwahi kuonekana usoni mwake. "Lakini nakuambia mapema, mimi ni ghali."

Dada alishusha pumzi, akatabasamu, akavuta kiti.